Jason ni mali ya nani? Mgogoro wa leseni nyuma ya sanamu za Friday the 13th

Mwezi Juni 2018, kampuni ya Gun Media, iliyokuwa ikisimamia mchezo wa video wa Friday the 13th: The Game, ilitangaza kwamba haitaongeza tena kitu chochote kipya ndani ya mchezo huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kesi ya hakimiliki iliyokuwa ikiunguruma mahakamani. Lakini katika miaka hiyohiyo ya kesi, kampuni ya NECA ya Marekani iliendelea kutoa sanamu za kukusanya za Jason Voorhees, muuaji yuleyule wa filamu hizo, na maduka yakaendelea kuziuza.

Wapenzi wa filamu za kutisha walichanganyikiwa. Kama Jason amefungwa na mahakama, sanamu zinatoka wapi? Na kama yuko huru, mchezo umesimamishwa kwa nini? Hukumu ya rufani ilipotoka mwaka 2021, mkanganyiko ukaongezeka badala ya kupungua. Wapo waliotangaza kwamba mwandishi wa filamu ya kwanza sasa ndiye mwenye Jason. Wengine walisisitiza kwamba hakupata chochote ila mtoto aliyezama ziwani. Madai yote mawili yana chembe ya ukweli, na hakuna lililo na ukweli wote.

Uchambuzi huu unaeleza chanzo cha mgogoro, unapitia hoja za kila upande pamoja na nguvu na udhaifu wake, kisha unazipima. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: Jason si mali moja yenye mwenyewe mmoja. Ni fungu la haki zilizogawanyika kwa aina, kwa wakati na kwa nchi. Mgawanyiko huo una gharama, na sehemu kubwa ya gharama hiyo humwangukia mtengenezaji wa sanamu, ambaye hakuwa na neno katika ugomvi wenyewe.

Chanzo: mkataba mfupi wa 1979

Mwaka 1978 filamu ya Halloween ilipata faida kubwa kwa bajeti ndogo, na mtayarishaji Sean S. Cunningham akaona nafasi. Alimwendea Victor Miller, mwandishi ambaye walikuwa wameshafanya kazi pamoja, wakakubaliana atunge hadithi ya kutisha. Mwaka 1979 Miller alitia saini mkataba wa kawaida wa chama cha waandishi, Writers Guild of America, na kampuni ya Cunningham iliyoitwa Manny. Malipo ya skripti yalikuwa dola 9,282. Ndani ya mkataba huo hapakuwa na kifungu kilichosema wazi kwamba Miller anaandika kama mwajiriwa na kwamba kazi yake ni ya mwajiri tangu siku ya kwanza. Yote yaliyofuata yalitokana na pengo hilo.

Filamu ilitoka Mei 1980. Iligharimu takriban dola 550,000 na kuingiza karibu dola milioni 40 nchini Marekani pekee. Muuaji katika filamu hiyo ni Pamela Voorhees, mama anayelipiza kisasi cha mwanawe Jason, aliyezama katika ziwa la kambi ya Crystal Lake. Jason mwenyewe anaonekana kwa kitambo kidogo tu, tena akiwa mtoto. Jason mtu mzima anayeua ni wa filamu ya pili, ya mwaka 1981, na humo amejifunika kichwa kwa gunia. Barakoa ya kipa wa hoki ya barafuni, ambayo leo ndiyo alama yake duniani kote, ilikuja na filamu ya tatu, mwaka 1982. Miller hakuandika filamu ya pili wala ya tatu.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Aliyezaa hadithi hakumzaa Jason anayenunuliwa madukani, na waliomzaa Jason huyo walijenga juu ya hadithi ya mtu mwingine.

Umiliki nao ulihama mara kadhaa. Paramount ilisambaza filamu nane za kwanza nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhusika alihamia New Line, ndiyo maana filamu ya 1993 iliitwa Jason Goes to Hell na haikubeba jina la Friday the 13th mbele. McFarlane Toys ilipotoa mkupuo wa kwanza wa sanamu zake za Movie Maniacs mwaka 1998, Jason wake alikuwa wa filamu hiyo ya New Line. Toleo jipya la filamu lililotoka mwaka 2009 lilihitaji Paramount na New Line zishirikiane. Mwaka 2013 haki zikarudi Paramount, katika makubaliano yaliyoipa Warner Bros., mmiliki wa New Line, sehemu ya filamu ya Interstellar. Kwa hiyo hata kabla ya kesi ya Miller, aliyetaka kutengeneza sanamu ya Jason alilazimika kuuliza kwanza: Jason wa filamu ipi?

Haki zilizomo ndani ya sanamu moja

Ichukue sanamu ya Jason ya kiwango cha juu, yenye urefu wa kama sentimita 18. Viungo vyake vinakunjika, panga linashikika mkononi, na barakoa inavuliwa kuonyesha uso ulioharibika. Kwenye barakoa kuna alama nyekundu za pembetatu. Kama upande wa juu wa barakoa una kovu la shoka, mkusanyaji anajua papo hapo kwamba huyo ni Jason wa filamu ya nne, ya mwaka 1984, kwa sababu pigo la shoka alilipata mwishoni mwa filamu ya tatu. Kovu hilo dogo la plastiki ni habari ya kisheria pia. Linaonyesha sanamu imetokana na filamu ipi, na kwa hiyo leseni iombwe kwa nani.

Sanamu kama hiyo hugusa haki za aina nne.

Ya kwanza ni hakimiliki: hadithi, mhusika na umbo lake kama lilivyoonekana kwenye filamu. Kila filamu ina hakimiliki yake, na filamu ya baadaye inalindwa kwa yale iliyoyaongeza tu. Yaliyotoka kwenye filamu ya awali yanabaki ya mwenye filamu ya awali.

Ya pili ni alama ya biashara: jina Friday the 13th linalochapwa kwenye boksi. Hii haitegemei nani aliandika skripti. Inategemea nani amelitumia jina hilo sokoni na kulisajili, na inaweza kudumu maadamu inatumika.

Ya tatu ni haki ya mtu juu ya sura yake. Leseni ya studio haimaanishi mwigizaji naye ameridhia. Waigizaji George Wendt na John Ratzenberger wa tamthilia ya Cheers waliishtaki kampuni ya Host International kwa kuweka sanamu za mitambo zilizofanana nao katika baa za viwanja vya ndege, ingawa kampuni hiyo ilikuwa na leseni ya Paramount. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ya shirikisho iliwaruhusu kuendelea na madai yao. Jason ana nafuu hapa, kwa sababu uso wake umefunikwa. Barakoa inampunguzia mtengenezaji mazungumzo na kundi zima la waigizaji.

Ya nne ni mkataba wa leseni wenyewe: muda wake, nchi zake, aina ya bidhaa, asilimia ya mrabaha, na kiasi cha chini ambacho mtengenezaji lazima alipe hata bidhaa isipouzwa.

Kesi ya Miller iligusa aina ya kwanza peke yake. Lakini haki hizi nne zikitikisika hata katika nguzo moja, bidhaa nzima inayumba.

Sheria inayorudisha haki kwa mtunzi

Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 ina kifungu cha 203, kinachompa mtunzi nafasi ya pili. Mtunzi aliyehamisha haki zake kuanzia mwaka 1978 anaweza kusitisha uhamisho huo baada ya miaka 35, ndani ya dirisha la miaka 5, kwa kutoa notisi kati ya miaka 2 na 10 kabla. Mantiki yake ni kwamba mtunzi akiwa mchanga huuza bila kujua thamani ya anachouza, tena mbele ya mnunuzi mwenye nguvu kuliko yeye. Thamani hujulikana baada ya miaka mingi.

Kifungu hicho kina mipaka mitatu. Hakimhusu aliyeandika kama mwajiriwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya mwajiri tangu mwanzo. Kinarudisha haki za Marekani tu, na haki za nchi nyingine hubaki zilipo. Na kazi zilizozaliwa kutoka kazi ya awali kabla ya usitishaji zinaweza kuendelea kutumiwa kwa masharti yaleyale ya zamani, lakini mpya haziruhusiwi.

Mtu wa pwani atauelewa mpaka huu wa tatu kwa haraka, kwa kuwa huko kuna desturi ya mtu kumiliki minazi iliyo juu ya shamba la mwingine. Shamba likirudi kwa mwenyewe, aliyepanda minazi anaendelea kuangua nazi zake, ila hana ruhusa ya kupanda mche mpya.

Miller alitoa notisi Januari 2016. Agosti mwaka huohuo kampuni ya Horror Inc., iliyorithi haki za waliogharamia filamu ya kwanza, ikishirikiana na Manny, ilimshtaki katika jimbo la Connecticut. Tarehe 28 Septemba 2018 Jaji Stefan Underhill aliamua kwamba Miller alikuwa mkandarasi huru na notisi yake ni halali. Tarehe 30 Septemba 2021 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili ikaunga mkono uamuzi huo.

Hoja ya mwandishi

Msimamo wa Miller ulikuwa rahisi kuueleza. Aliandika kwa ratiba yake mwenyewe na kwa ujuzi wake. Hakukatwa kodi ya mshahara, hakupewa bima wala marupurupu ya mwajiriwa, na Cunningham hakuwa na mamlaka ya kumpangia kazi nyingine. Alilipwa kwa mafungu, kama mtu anavyolipwa kwa kazi maalumu.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaendana na maneno ya sheria na pia na haki kama watu wa kawaida wanavyoielewa. Filamu iliyolipiwa skripti dola 9,282 ilizaa mfululizo wa filamu 12 na biashara ya bidhaa iliyovuka miongo minne. Bunge lilitunga kifungu cha 203 kwa ajili ya hali ya namna hii hasa.

Udhaifu wake uko kwenye kile kinachorudishwa. Miller alirudishiwa skripti ya 1980 kwa soko la Marekani: Pamela, kambi, ziwa, mtoto Jason. Hakurudishiwa jina la filamu, na hakupewa wazi Jason mwenye barakoa. Mahakama ziliulizwa kuhusu Jason huyo na hazikutoa jibu, kwa sababu kesi iliweza kuamuliwa bila kuligusa swali hilo. Anaweza kudai kwamba Jason mtu mzima ni tawi la mtoto aliyemwandika yeye. Upande wa pili nao unaweza kujibu kwamba gunia, barakoa, umbo kubwa na mwendo wa kimyakimya vyote vilibuniwa na wengine. Ushindi wake ni mkubwa mahakamani, na ni mdogo kwenye rafu ya duka.

Hoja ya watayarishaji

Horror Inc. na Manny walisema Miller alikuwa mwanachama wa Writers Guild, na kwamba mkataba wa pamoja wa chama hicho na watayarishaji unawatambua waandishi kama waajiriwa kwa mujibu wa sheria ya kazi. Waliongeza kwamba Cunningham alitoa mawazo na maelekezo mengi. Mahakama ilijibu kwamba sheria ya kazi na sheria ya hakimiliki zina malengo tofauti. Mtu anaweza kuhesabiwa mwajiriwa katika majadiliano ya mishahara ya chama, na akabaki mkandarasi huru katika suala la nani mwenye kazi aliyoiandika.

Kwa sheria walishindwa, lakini hoja yao ya kiuchumi haipaswi kupuuzwa. Skripti peke yake haikumfanya Jason kuwa Jason. Wapo waliohatarisha fedha, waongozaji waliobadilisha muuaji kutoka mama hadi mwana, na mafundi walioleta barakoa. Wapo pia waliolinda jina hilo kwa miaka mingi, likabaki hai hata filamu zilipokatika. Mwekezaji asipokuwa na uhakika na anachokimiliki, hawezi kuwekeza kwa muda mrefu.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba tatizo lilikuwa na dawa, na dawa ilikuwa mikononi mwao. Kifungu kimoja katika mkataba wa 1979, kilichoandikwa vizuri na kusainiwa na pande zote mbili, kingeweza kuifanya skripti ya filamu kuwa kazi ya kuajiriwa hata kwa mkandarasi huru, kwa kuwa sheria ya Marekani inaruhusu hivyo kwa kazi zinazoagizwa kwa ajili ya filamu. Aliyekuwa na wanasheria na fedha hawezi kumlaumu mwandishi kwa pengo ambalo yeye mwenyewe aliliacha wazi.

Watengenezaji wa sanamu katikati

Upande wa tatu haukuwa mahakamani. Kabla sanamu moja haijafika dukani, mtengenezaji analipa dhamana ya mrabaha, anachonga mfano na kuupeleka kwa mwenye leseni uidhinishwe. Baada ya hapo anaagiza kalibu za chuma, kwa kawaida China, anapeleka sampuli ya rangi iidhinishwe, kisha boksi nalo liidhinishwe. Kalibu hugharimu fedha nyingi, na gharama hiyo hurudi kwa kuuza maelfu ya vipande. Kalibu ya Jason haiwezi kugeuzwa kuwa ya mhusika mwingine bila kuichonga upya.

Biashara ya aina hii inataka jambo moja kuliko yote: kujua nani anayetia saini. Kama mtoa leseni atakuja kuambiwa baadaye kwamba hakuwa na haki, mtengenezaji ana bidhaa ghalani, kalibu kiwandani na madai mlangoni. Mikataba mingi humtaka mtoa leseni amlinde mteja wake dhidi ya madai ya namna hiyo. Lakini ulinzi wa karatasi hauuzi mzigo uliozuiwa.

Zipo njia tatu za kukabiliana na hatari hii, na kila moja ina gharama. Ya kwanza ni kusubiri mgogoro uishe. Inalinda fedha, lakini hamu ya wanunuzi hupoa na washindani huingia. Ya pili ni kuchukua leseni kwa pande zote. Inaleta usalama, lakini mrabaha unalipwa mara mbili na idhini zinaombwa kwa wakubwa wawili wanaogombana. Ya tatu ni kujifunga kwenye filamu za baadaye, ambako mkono wa Miller haukufika waziwazi. Ndiyo njia nafuu, na matokeo yake ni kurudiarudia sura zilezile: barakoa ya filamu ya tatu, kovu la filamu ya nne, mzoga wa filamu ya sita. Mkusanyaji analipa tena kwa tofauti ndogo ya rangi na shati, huku hadithi ya asili ikikaa pembeni.

Jason hayuko peke yake katika hali hii. Haki za Terminator zilinunuliwa na kampuni ya Halcyon mwaka 2007, ikafilisika mwaka 2009, na mwaka 2010 haki hizo zikanunuliwa katika mnada wa mufilisi na mfuko wa uwekezaji wa Pacificor kwa dola milioni 29.5. Mwaka 2021 ndugu wawili walioandika Predator, Jim na John Thomas, waliingia mahakamani na Disney juu ya haki hiyohiyo ya kusitisha, na wakamaliza kwa maelewano mapema mwaka 2022. Terminator na Predator zote ni miongoni mwa majina yanayobeba biashara ya sanamu. Filamu nyingi zilizopendwa za miaka ya 1980 zimefika au zinafika katika dirisha la miaka 35, na wanaonunua leseni zake wanapaswa kulihesabu.

Kwa nini mchezo ulisimama na sanamu zikaendelea

Kwa msingi huo, fumbo la mwanzo linafumbuka. Mchezo wa video ulibeba jina la filamu ya kwanza, kambi yake, ziwa lake na Pamela, na uliishi kwa kuongezewa vitu vipya kila mara. Kila nyongeza ingeweza kuhesabiwa kuwa kazi mpya inayotokana na skripti ya Miller, na notisi yake ilikuwa inaanza kufanya kazi. Yaliyokwisha kutengenezwa yalibaki, na mapya yakakwama. Hatimaye leseni ya mchezo ilifikia mwisho, na ukaondolewa sokoni mwishoni mwa 2023.

Sanamu ya Jason wa filamu ya tatu au ya sita imesimama juu ya filamu ambazo Miller hakuziandika na ambazo zilikuwapo miaka mingi kabla ya notisi. Haijawekwa mbali kabisa na hatari, kwa kuwa sanamu iliyochongwa leo inaweza kudaiwa kuwa ni kazi mpya, na mahakama haijalijibu dai hilo. Lakini hatari yake ni ndogo kuliko ya mchezo. Waliodhani mahakama imemfungia Jason walikosea, na waliodhani kesi haigusi sanamu hata kidogo nao walikosea.

Kupima hoja

Tukiziweka hoja hizi kwenye mizani, mambo matatu yanaonekana.

Mosi, hukumu ilikuwa sahihi. Haki ya kusitisha ingekuwa maneno matupu kama uanachama wa chama cha waandishi ungetosha kumgeuza kila mwandishi wa skripti kuwa mwajiriwa. Waandishi wangelazimika kuchagua kati ya kulindwa na chama chao na kulinda haki zao, na hakuna sheria yenye busara inayomweka mtu katika uchaguzi huo.

Pili, hukumu sahihi iliacha hali ngumu. Miller ana hadithi ya kwanza bila jina, na kwa Marekani tu. Upande wa pili una jina, filamu za baadaye na dunia nzima nje ya Marekani, lakini hauwezi kuirudia hadithi ya kwanza Marekani bila Miller. Kila mmoja ana uwezo wa kumzuia mwenzake, na hakuna anayeweza kwenda mbali peke yake. Lawama ya hali hii ni ya kukosekana kwa jibu juu ya mhusika anayekua kutoka filamu moja hadi nyingine kwa mikono ya waandishi tofauti. Swali hilo litarudi, kwa Jason au kwa mwingine.

Tatu, dawa iliyofanya kazi ni maelewano. Oktoba 2022 ilitangazwa tamthilia ya Crystal Lake, inayorudi kwenye hadithi ya Pamela, na miongoni mwa watayarishaji wakuu waliotajwa walikuwamo Miller mwenyewe pamoja na watu wa upande wa Horror Inc. Mwaka 2024 Horror Inc. ilizindua chapa ya Jason Universe kwa ajili ya michezo, bidhaa na kazi mpya za mhusika huyo. Miaka mitano ya mahakama ilieleza nani ana nini. Kilichoifungua tena milango ya kazi mpya ni pande mbili kukaa meza moja.

Linalotuhusu sisi

Msomaji wa Nairobi au Mombasa anaweza kudhani mambo haya ni ya Hollywood peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Na hakuna dirisha la miaka 35 la kuirudisha. Mwandishi wa skripti Nairobi aliyeagizwa na kuandika kwa mkataba mfupi kama wa Miller angeanzia pale ambapo Miller alikuwa akiogopa kuishia. Katuni na filamu za Afrika Mashariki zinaanza kuvuka mipaka, na siku zitakapozaa wanasesere, mabegi ya shule na sanamu, swali la nani alisaini nini ndilo litakaloamua nani anapata mrabaha.

Kwa muhtasari

Mgogoro wa sanamu za Jason ulitokana na mkataba ulioacha pengo, sheria inayowapa watunzi nafasi ya pili, na mhusika aliyejengwa na mikono mingi kwa nyakati tofauti. Mwandishi alistahili alichorudishiwa. Watayarishaji wanastahili walichokiongeza. Watengenezaji wa sanamu wanapaswa kuulizia mlolongo wote wa umiliki kabla ya kulipia kalibu, tena filamu kwa filamu na nchi kwa nchi. Mkusanyaji naye asome maandishi madogo ya chini ya boksi, kwa kuwa yanamweleza Jason aliyemshika mkononi katoka kwa nani.

Kwa anayetunga, iwe skripti, katuni au wimbo wa filamu: kabla hujasaini, hakikisha karatasi inataja wazi kazi ni ya nani, kwa matumizi gani, kwa nchi zipi na kwa muda gani. Kama haitaji, usisaini mpaka itaje.